Mume wangu ana miaka minne kitandani, nami nimeishiwa maombi

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 43 na watoto wawili. Nimebatizwa katika Kanisa la Kilutheri, KKKT, nikapata kipaimara humo, nikafunga ndoa humo, na tangu nikiwa binti naimba kwaya, sauti ya pili. Nayasema haya ujue siandiki kama mtu wa nje.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Miaka minne iliyopita presha ilimpanda akiwa safarini, akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza na maneno yakapotea. Anaelewa ninachomwambia, ila akitaka kujibu linatoka neno moja, mengine yanamgomea mpaka analia. Mimi ndiye namgeuza, namwogesha, namlisha, nambadilisha pampasi usiku, na asubuhi naingia darasani. Binti yetu wa kidato cha tatu ananisaidia, na naona masomo yake yanashuka.

Mwanzoni nyumba ilijaa watu. Jumuiya walikuja kila wiki, kwaya walikuja, unga na sukari havikutuishia. Mwaka wa pili wakapungua, na sasa anapita mwinjilisti mara moja moja. Siwalaumu, kila mtu ana yake.

Niliomba, Mama. Nilifunga, nilikesha. Mwaka jana wifi yangu akanipeleka kwenye huduma moja ya maombezi. Mtumishi wa pale akasema kuna dhambi iliyofichwa katika ndoa yetu ndiyo inayozuia uponyaji, na kwamba nipande mbegu ya imani, yaani nitoe fedha. Nikakopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikatoa. Tukapewa mafuta, tukaambiwa kwamba kuendelea na dawa za presha ni kumwonyesha Mungu kuwa hatujamwamini. Nikaziacha kwa wiki kadhaa, presha ikapanda, tukakimbizana hospitali usiku. Mkopo bado naulipa. Wifi anasema mashaka yangu ndiyo yaliyoharibu.

Siku hizi Jumapili nasimama na kwaya, mdomo unaimba, moyoni hakuna kitu. Nikifungua Biblia naona herufi tu. Nikipiga magoti nasinzia. Mwinjilisti alipokuja mara ya mwisho alinisomea Wagalatia 6:9, tusichoke katika kutenda mema. Nikaitikia amina. Alipotoka nikaingia jikoni nikalia kwa hasira.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Usiku mmoja, baada ya kumbadilisha mara ya tatu, nilimwomba Mungu amchukue. Au anichukue mimi. Kulipokucha niliogopa hata kumtazama usoni.

Imeandikwa mwenye kuvumilia hata mwisho ndiye atakayeokoka. Mimi mwisho siuoni. Je, nimeshapoteza wokovu? Niache kwaya, maana najiona mnafiki? Na nitavumiliaje kama Mungu mwenyewe amenyamaza?

Aliyechoka, Morogoro

*

Amina, mwanangu. Bwana asifiwe.

Naanza na lile la usiku, kwa sababu naamini ndilo lililokufanya ukae chini uandike, na hayo mengine yamelisindikiza. Hujapoteza wokovu. Ulichokisema usiku ule kimeshasemwa ndani ya Biblia, tena na watu wakubwa. Fungua Hesabu sura ya 11. Musa amechoshwa na taifa zima linalomlilia nyama, anamwambia Mungu waziwazi kwamba hawezi kulibeba peke yake, na kama ndivyo atakavyotendewa, basi bora auawe yaishe. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya, ambaye sura iliyotangulia moto umeshuka kwa maombi yake pale Karmeli, amelala chini ya mretemu anasema, “Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu.” Wote wawili walimwomba Mungu kifo, na hakuna aliyetupwa kwa sababu hiyo.

Tena ona walivyojibiwa. Eliya alitumiwa malaika mwenye mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akaachwa alale, akaamshwa ale tena: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Swali la “Unafanya nini hapa?” aliulizwa baadaye sana, kule Horebu, tumbo likiwa limeshapata kitu na mwili umeshalala. Musa naye aliambiwa akusanye wazee 70 ili wauchukue mzigo pamoja naye. Nimezisoma sura hizo mara nyingi, na kila nikizisoma naona Mungu anayejua uzito wa kazi aliyompa mtu, wala hashangai mtu huyo akianguka. Uchovu wako una sababu inayoonekana kwa macho: mwaka wa nne huu humalizi usingizi wa usiku mmoja. Usiutafutie maelezo ya kiroho kabla hujayakubali hayo ya mwili.

Ndiyo maana kabla sijaendelea nakuomba jambo. Kama lile wazo la “anichukue mimi” linarudi, kama chakula hakina ladha na usingizi hauji hata ukipata nafasi ya kulala, mwambie daktari siku mtakapokwenda kliniki ya presha. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa na ina tiba, na wanaouguza wagonjwa wa muda mrefu huipata mara nyingi. Na siku likija wazo la kujidhuru, au la kumdhuru yeye, usilale nalo. Mgongee jirani na uende hospitali usiku huohuo.

Sasa huyo mtumishi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Habari ya dhambi iliyofichwa wanafunzi walimuuliza Yesu walipomwona yule aliyezaliwa kipofu, naye akawajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Marafiki wa Ayubu nao walikuwa na uhakika kwamba kuna kitu kimefichwa. Siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno walifanya vema; walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu yule aliyelalamika sura baada ya sura ndiye aliyenena yaliyo sawa. Na habari ya mbegu? Naamani alipotakaswa ukoma alitaka kulipa, Elisha akakataa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyelikimbilia gari la Naamani kuomba fedha na mavazi, akarudi na ukoma. Bwana wetu aliwaambia wale aliowatuma kuponya, “Mmepata bure, toeni bure.” Uponyaji unaotanguliwa na mkopo wa VICOBA haukutoka kwake.

Dawa za presha zisiachwe tena, hata siku moja, isipokuwa daktari ameagiza. Aliyewahi kupata kiharusi yuko katika hatari ya kupata kingine, na presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa. Huwezi kumkosea Mungu kwa kidonge. Paulo, ambaye wagonjwa walipona kwa mikono yake, alisafiri na Luka, yule tabibu mpendwa. Alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, akapewa jibu lingine: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Hakuna hata mmoja wa hao aliyeambiwa kwamba mashaka yake ndiyo yaliyoharibu. Wifi yako naye anaumia, ni kaka yake aliyelala pale, na mtu anayeumia hutafuta wa kumlaumu. Mwambie hayo kwa upole siku ukiwa na nguvu. Usipokuwa nazo, mwachie mchungaji amwambie.

Nimekaa muda mrefu na ile hasira yako ya jikoni. Mwinjilisti wako hakukosea andiko, ila alilianzia mbali. Sura hiyohiyo ya 6, kabla ya kufika mstari wa 9, inasema katika mstari wa 2, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Barua ile iliandikwa kwa makanisa ya Galatia, ikasomwa watu wakiwa wamekaa pamoja. Haikuandikwa kwa mwanamke mmoja aliyeinama juu ya kitanda saa nane ya usiku akiwa peke yake. Wanaoambiwa wasichoke ni watu ambao tayari wanachukuliana. Ukimsomea mtu mstari wa 9 baada ya kuuruka wa 2, umemwongezea uzito juu ya ule alionao. Hasira yako ilikuwa na haki, na sidhani Mungu aliikosea maana.

Kisha kuna yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2. Unaijua hadithi, umeifundisha Shule ya Jumapili bila shaka. Hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alichukuliwa na watu wanne, mlangoni hapapitiki, wakapanda juu wakatoboa dari. Na Marko anaandika, “Naye Yesu, alipoiona imani yao.” Ya hao waliombeba. Yule aliyelala godoroni aliamini kiasi gani siku ile, Marko haoni haja ya kutueleza. Mwanangu, yapo majira ambapo mtu hufikishwa mbele za Bwana kwa imani ya wenzake, na kwa sasa naona kuna wawili nyumbani mwako wanaohitaji kubebwa.

Kwa hiyo nakupa kazi ngumu: kuomba msaada kwa siku na kwa saa. Nimeona sharika nyingi, na mara chache watu hupotea kwa kukosa upendo. Wanapotea kwa sababu baada ya mwaka wa kwanza hawajui tena walete nini, wanaona aibu kuja mikono mitupu, na wewe ukiulizwa unajibu “tunamshukuru Mungu”. Nenda kwa mchungaji. Usimwambie pale mlangoni baada ya ibada, ambapo kila mtu anapeana naye mkono. Omba nafasi ofisini, ukae, umweleze yote uliyonieleza mimi, pamoja na lile la usiku. Mwombe idara ya diakonia, ile ya huduma kwa wahitaji, na jumuiya wapange zamu. Jumamosi mchana mtu akae na mgonjwa, wewe ulale, usifue wala usipike. Wanaume wenzake waje kumwogesha mara mojamoja. Itamrudishia heshima yake pia, maana mwanaume aliyezoea kuendesha lori anaumia kuoshwa na mkewe kila siku hata kama hawezi kulitamka. Wafundishwe namna ya kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia, na kazi hiyo, usiku na mchana, haikuumbiwa mtu mmoja.

Binti yako mtoe kwenye zamu za usiku. Mimi ni mkali katika hilo. Mtoto anaweza kumpenda baba yake bila kupoteza kidato cha nne. Mwalimu mwenzako mmoja wa hisabati akimkalisha jioni mbili kwa wiki atakuwa amekusaidia kuliko kilo kumi za unga. Na mzee mmoja wa kanisa aende nawe kwenye kikundi cha VICOBA mkaombe marejesho yapangwe upya. Usione haya, waliopaswa kuona haya ni wengine.

Mwombe mchungaji pia alete Chakula cha Bwana nyumbani, mshiriki wote wawili, wewe ukiwa umekaa. Miaka hii minne umekuwa ukihudumu tu. Na wewe uhudumiwe.

Kwaya usiache. Mnafiki huimba ili watu wadhani anacho asichokuwa nacho, nawe umeniandikia kurasa kunieleza kwamba huna. Siku ambayo sauti haitoki, kaa kwenye benchi uwasikilize wenzako. Lakini nina sababu nyingine ya kukutaka ubaki, na inamhusu mumeo. Kupoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi hakumaanishi kupoteza nyimbo. Wanaotibu matatizo ya usemi wanalijua hili vizuri: wagonjwa wengi wasioweza kuunganisha sentensi bado huweza kuimba ubeti waliouzoea tangu utotoni, au kuisema Sala ya Bwana wakiongozwa na mwingine. Si wote, na sikuahidi kwamba mazungumzo yatarudi. Ila jaribu. Kaa upande wake ulio mzima, akuone uso. Chagua wimbo wa zamani kabisa, ule ambao hata hakumbuki alifundishwa lini. Imba polepole, mshike mkono wa kushoto mpige nao mapigo, kisha nyamaza kabla ya neno la mwisho la mstari uone kama atalimalizia. Asipomalizia leo, rudia kesho kutwa. Daktari akiweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa usemi, nenda, na mweleze kwamba mnaimba. Na mwombe mwalimu wa kwaya mazoezi ya mara moja kwa mwezi yafanyikie sebuleni kwako. Kwaya wakija kuimba, watakuwa wamekuja na kitu mikononi, nao hawatapotea tena.

Umeuliza utavumiliaje wakati Mungu amenyamaza. Nianze na kuomba kwako. Acha kupiga magoti saa nne ya usiku. Mwili uliochoka hivyo utasinzia, kama walivyosinzia wale wanafunzi watatu wa Yesu kule Gethsemane. Omba ukiwa unamgeuza, sentensi moja inatosha: Bwana, utuhurumie. Asubuhi soma zaburi moja kwa sauti ili na yeye asikie, na usichague za furaha tu. Soma ya 13: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Soma ya 88. Hiyo, mwanangu, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina mstari wa shangwe mwishoni, na bado waliokusanya Zaburi waliiacha hivyohivyo, watu wa Mungu waiombe. Hata wewe ukiisoma na kuona herufi tu, umeomba. Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, ndivyo Warumi 8 inavyosema, na kwa mumeo asiyeweza kutamka naona andiko hilo lina uzito wa pekee. Pia rudi kwenye yale tuliyokariri kipaimara juu ya Roho Mtakatifu: kwamba siwezi kwa akili wala kwa nguvu zangu mwenyewe kumwamini Yesu Kristo au kumjia. Tulikariri tukiwa na miaka kumi na kitu, tukapasi, tukasahau. Umefika mahali ambapo maneno yale yana kazi.

Na huo mwisho usiouona. Yesu alimwambia Petro, “Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike,” na usiku uleule Petro akamkana mara tatu. Kilichomshikilia mpaka asubuhi yake ni maombi ya Bwana. Wewe nawe unaombewa hivyo, ndiyo maana baada ya yote haya bado unaniandikia ukianza na Bwana Yesu asifiwe.

Unajua ninayemfikiria nikisoma barua kama yako? Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani. Vitabu vya shule vinamtaja kwa kuuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, vikamwacha hapohapo. Alifika Rabai, nyuma ya Mombasa, mwaka 1846, akakaa mpaka 1875. Karibu miaka 29. Waliobatizwa wakati wake walikuwa wachache mno, mkewe alifariki huku, na macho yake yakafifia mpaka akawa kipofu. Aliendelea kukusanya maneno ya lugha za watu, kamusi juu ya kamusi. Alirudi Ujerumani haoni, akafa mwaka uliofuata. Aliyemtembelea katikati ya miaka ile angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba hakuna kinachotokea pale. Kanisa la Rabai lipo mpaka leo. Sikuambii hili ili nikuahidi kwamba mumeo atasimama atembee. Sina mamlaka hayo, na umeshaahidiwa vya kutosha na watu wasio nayo. Nakuambia kwa sababu miaka ambayo hakuna kinachoonekana kubadilika imo pia katika historia ya watu wa Mungu, na Mungu hakuwa ameondoka.

Fanya la mchungaji wiki hii, kabla ya mengine yote. Kisha niandikie ameitikaje, na kama mumeo alimalizia mstari.

Nawe unayesoma hapa, ambaye jumuiya yako ina nyumba kama hii: usimwambie mama huyo “ukihitaji chochote useme”, maana hatasema. Mpigie umwambie Jumamosi unakuja saa nane mchana, utakaa na baba mpaka saa kumi na moja, yeye akalale. Kisha uende.